Paukwa ya kwenye simu: mwongozo kamili wa kurekodi na kusimulia hadithi za nyumbani zinazouma

Nianze na kosa langu mwenyewe manake bila hilo mwongozo huu usingekuwepo. Miaka michache nyuma nlikuwa nimekaa na bibi kibarazani kwetu Ngamiani, alasiri, kahawa na kashata, akaanza mwenyewe tu kusimulia habari za mdogo wake aliyekatwa mkono na korona. Kwa ambaye si wa Tanga, korona huku ni ile mashine ya mkonge inayokwangua jani mpaka zinabaki singa, yaani nyuzi, jina hilo lipo miaka na miaka kabla ya ule ugonjwa wa 2020. Mi nikabonyeza kurekodi, simu iko mapajani, sikumwambia. Dakika kumi na moja. Usiku nikaitupa kwenye grupu la ukoo na maneno "sikilizeni historia yetu" na vijialama vya machozi juu.

Kufika asubuhi voisi imeshafika Muheza, Korogwe, na kwa jirani wa barabara ya pili ambaye hata kwenye grupu hayumo. Na mjomba wetu wa Pongwe, mtoto wa huyo huyo aliyekatwa mkono, ndo kwanza anajua. Miaka yote aliambiwa baba yake aliangukiwa na lori. Akampigia bibi simu kwa hasira. Bibi mimi hakunifokea hata kidogo, alinyamaza tu, na kwa miezi minne nikifika nasema shikamoo bibi, anaitika marahaba, habari zinaishia hapo hapo.

Kwa hiyo haya nnayoandika nimejifunza kwa kuharibu kwanza.

Kabla ya yote: paukwa bila pakawa si hadithi

Tulipokuwa wadogo mtu hakuanza hadithi hivi hivi. Anasema paukwa, anangoja, mkiitikia pakawa ndo anaendelea, na mkikaa kimya anajua watoto wameshalala au hawataki. Tumezoea kuona ni mbwembwe za kufungulia tu lakini ukiangalia vizuri ile ni ruhusa, msimulizi anaomba na msikilizaji anatoa. Na ilikuwa usiku, watu wanaojuana, na hadithi ikiisha inabaki pale pale ukumbini na harufu ya mafuta ya taa.

Simu imeondoa vyote hivyo. Voisi inasikilizwa na mtu yuko kwenye daladala, hakuulizwa, hamjui bibi, na akimaliza anabonyeza inakwenda kwa watu wengine. WhatsApp tangu 2019 wamepunguza, ujumbe unaufowadi kwa machati matano tu kwa mpigo, na 2020 wakabana zaidi, ule uliokwisha kuzunguka sana unakwenda kwa chati moja moja. Inasaidia kwenye uvumi. Kwenye siri ya familia haisaidii kitu, manake siri inahitaji mtu mmoja tu.

Kazi yako wewe mrekodi ni kuirudisha ile pakawa kila hatua. Twende.

Hatua ya kwanza: ruhusa tatu, si moja

Watu wengi wakisikia "bibi amekubali" wanadhani yamekwisha. Hapana. Kuna ruhusa ya kurekodi, kuna ruhusa ya kutunza, afu kuna ruhusa ya kusambaza, na kila moja unaiomba siku yake. Mtu anaweza kukubali umrekodi na asitake kitu hicho kikae kwenye simu yako. Anaweza kukubali wajukuu wasikie, ila si wakwe.

Na usiombe kwa lugha ya ofisini. Bibi ukimwambia "naomba ridhaa yako" atadhani umekuja na karatasi za kiwanja. Sema hivi: "Bibi nataka nikurekodi sauti, itakaa humu, nikiifuta inafutika, nikimtumia mtu sitaweza kumnyang'anya tena. Nifanyeje?" Hayo maneno ya kufuta na ya kumtumia mtu ndo yenye uzito, manake wazee wengi wanafikiri voisi ni kama kupiga simu, ukikata imekwisha. Mwoneshe. Rekodi nusu dakika ya upuuzi wowote, mchezeshee ajisikie, afu ifute mbele yake. Bibi yangu aliposikia sauti yake mara ya kwanza alisema "mbona kama mama yangu" na akataka tuirudie mara tatu.

Na usimsahau mtu wa tatu. Hadithi ya bibi ilikuwa na mtu mwingine ndani, marehemu, na marehemu ana mtoto. Ulizia: nani mwingine yumo humu, na je, anajua?

Upande wa sheria nipite haraka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi 1 Mei 2023, na habari za afya ya mtu zinahesabiwa taarifa nyeti. Kwa hiyo kile kipande mtu anasimulia alivyopoteza mimba au alivyolazwa kwa matatizo ya akili si cha kuchezea, hata kama ni shangazi yako. Watoto ndo kabisa, mtoto aliyefanyiwa jambo baya usimrekodi, usimposti hata ukificha sura, piga 116, ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto.

Hatua ya pili: pima kama jeraha limeshakauka

Kuna watu wana imani kwamba ukimtoa mtu ya moyoni haraka haraka anapona. Tukio limetokea juzi, leo wamemkalisha wanamwambia sema, sema yote, usibaki nayo. Mambo haya yamechunguzwa, na Shirika la Afya Duniani halishauri kumsimulisha mtu tukio kwa lazima mara tu baada ya janga, manake halimsaidii na linaweza kumzidishia. Mwongozo wao wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una mambo matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama, amekula, ana pa kulala. Sikiliza akitaka mwenyewe kusema. Muunganishe na watu wake na wanaoweza kumsaidia. Hakuna mahali pameandikwa toa simu.

Kwa hiyo kama ni msiba wa mwezi huu, au ajali ya juzi, weka simu mfukoni ukamsaidie kuteka maji. Na kama mtu halali usiku, anashtuka kila mlango ukigongwa, au anasema bora afe, hiyo si kazi ya hadithi, mpeleke hospitali, Tanga mjini kuna Bombo, na huko milimani Korogwe kuna Lutindi ambako wamekuwa wakihudumia wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani.

Hatua ya tatu: soma kabla hujauliza

Hii watu wanairuka na mi naona ndo inayotenganisha mrekodi na mbeya. Kama babu yako alikuwa manamba, jua kwanza manamba ni nini. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche imetoka Florida, na mashamba yalipotanuka watu wa hapa hawakutosha, au hawakutaka, basi wakaletwa wa mbali, Waha wa Kigoma, watu wa kusini, wengine mpaka Msumbiji. Kuanzia 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao kabisa ya kuajiri, SILABU, wazee ukiwatajia hilo jina wanaguna. Manamba ni neno la "namba" hilo hilo, mtu anafika kambini anapewa namba. Na kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya siku za kazi, siku thelathini zikitimia ndo unalipwa, na siku usiyomaliza ngwe yako, kazi uliyopimiwa, haihesabiwi.

Sasa ukijua hayo humuulizi bibi "maisha ya zamani yalikuwaje?", swali ambalo halina jibu. Unamuuliza "kipande cha baba kilikuwa kinakaa wapi ndani?" Bibi alinijibu bila kufikiri: juu ya mlango, ndani ya kopo la kahawa, na mtoto akiligusa anachapwa. Kutoka hapo akasimulia nusu saa nzima.

Hatua ya nne: siku ya kurekodi

Muda mzuri kwa wazee wengi ni baada ya alasiri, wameshaswali, wameshapumzika, na magharibi inawapa sababu ya kumaliza. Sababu ya kumaliza ni muhimu! Usirekodi usiku, hadithi ya maumivu ikimkuta mtu usiku inalala naye.

Simu: weka ile alama ya ndege isiite katikati. Angalia nafasi, angalia chaji. Usiishike mkononi, kila kidole kikisogea kinasikika kama mtu anatafuna karanga. Kunja kanga mara nne, weka juu ya meza, simu juu yake, mkono mmoja hivi kutoka mdomoni, mdomo wa maiki umwelekee yeye. Zima feni (Tanga, najua, jasho litawatoka, vumilia). Chumba chenye mapazia na godoro ni bora kuliko ukumbi mtupu wenye mwangwi. Usiende Raskazone eti bahari iwe nyuma, upepo utakula maneno yote, nimejaribu. Jaribu dakika moja, sikiliza kwa earphone, ndo uanze. Na mwisho acha nusu dakika ya ukimya wa chumba, utaihitaji ukikata kata baadaye.

Video? Mi nashauri sauti tu mara ya kwanza. Mtu akiona kamera anavaa kanga mpya na anasimulia kanga mpya.

Maswali yaanze mbali na jeraha. Asubuhi ya siku ile mlikunywa nini? Nani aliamka kwanza? Njia ya kwenda kiwandani inapita wapi? Usiulize "ulijisikiaje", hilo ni swali la redioni, mtu wa pwani atakujibu "namshukuru Mungu" na mlango umefungwa. Uliza vitu vinavyoshikika: saa, mlango, nguo, sauti.

Mara ya pili na bibi, baada ya ile miezi minne na baada ya kwenda kumwomba radhi nikiwa na mama yangu, ndo nikafanya hivi. Akaanza na uji. Uji wa baba yake, kwenye sufuria dogo lenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa, wa kupelekwa kiwandani. Kila siku anapeleka yeye, msichana wa miaka kumi na tano. Siku ile alikuwa anasukwa. Akanyamaza, akaanza kukunja ncha ya kanga, anakunja anakunjua, anakunja anakunjua, kwenye rekodi unasikia kitambaa tu. Afu akasema, "Nilimtuma mimi."

Kwenye dakika zile kumi na moja za mwanzo hiyo sentensi haikuwemo.

Hapo ndo mahali pa kuwa makini. Dalili za kusimama ni hizi: pumzi inakuwa fupi, macho yanaganda sehemu moja, mikono baridi, au mtu aliyekuwa anasema "ilikuwa" anaanza kusema "inakuja, inamvuta" kama vile iko mbele yake sasa hivi. Ukiona hivyo usimwambie "pole, endelea". Simamisha. Mwite kwa jina analoitwa kila siku. Mwambie aguse sakafu kwa miguu, saruji ya baridi inasaidia sana, mpe maji, muulize anaona nini pale chumbani, atakwambia kalenda, feni, lile paka lako. Anarudi. Kama hataki kuendelea, hakuna kuendelea, hata kama imebaki sentensi moja tu.

Arobaini dakika zinatosha. Nimewahi kwenda saa moja na nusu na mzee mmoja wa kambini, siku ya pili alikuwa na homa, watu wake wakaniangalia vibaya na walikuwa na haki.

Hatua ya tano: mteremshe

Usizime simu ukaondoka. Mrudishe leo. "Bibi, usiku tunapika nini?" Tulipika bada, ugali wa muhogo, na samaki, mi nasonga yeye ananicheka. Kaa naye mpaka chakula kiishe. Kesho yake mpigie, usimuulize habari za hadithi, muulize amelalaje.

Kama hadithi ni yako mwenyewe

Usianze kwa kuposti, anza kwa daftari. Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha utafiti mwaka 1986, waliwaambia wanafunzi wa chuo waandike jambo lililowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, hakuna wa kuwasahihisha. Siku zenyewe za kuandika walioandika yaliyotokea pamoja na walivyojisikia waliumia zaidi, walisononeka, ila miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti zilizokuja baadaye zimeleta matokeo mchanganyiko kwa hiyo usiifanye dawa, ila kama kianzio haigharimu kitu. Ukiona siku ya pili umezidiwa, acha. Na usiandike kwenye status, hata ile ya saa 24, watu wanapiga skrinishoti.

Hatua ya sita: kutunza

Voisi ya WhatsApp inahifadhiwa kwa mfumo wa opus, simu nyingi za kitochi haziufungui. Badilisha iwe mp3 kwa ajili ya mzee, ila ile ya asili usiiguse, iache kama ilivyo. Jina la faili liwe na tarehe mbele, mwaka, mwezi, siku, afu jina la kificho, usiache "AUD" na manamba kumi na mbili (namba tena, ona). Nakala tatu: simu, flashi, na moja nyumba nyingine kabisa, manake nyumba zinaungua na simu zinadumbukia chooni. Andika kwenye karatasi nani ameruhusiwa kusikia nini, ikunje pamoja na flashi.

Hatua ya saba: kukata, na kuchagua umbo

Kukata unaweza kwa Audacity, ni ya bure, inataka kompyuta. Toa majina, toa namba ya nyumba, usitoe ukimya. Kimya cha bibi pale kabla ya "nilimtuma mimi" ni sekunde kumi na tisa na kuna binamu aliniambia nizipunguze watu wasichoke. Bora wachoke. Na usiweke muziki wa huzuni, nakuomba, ile kinanda ya kwenye TikTok ni kama kumwambia msikilizaji lia sasa.

Shida ni kwamba kuficha sura Tanga hakufichi kitu, mtu anajulikana kwa kikohozi. Hapo ndo umbo linasaidia. Wazee wetu walilijua hili siku nyingi, Mjerumani alipoipiga pwani hii 1888 na 1889, na Abushiri aliyeongoza upinzani akanyongwa Pangani Desemba 1889, mtu wa Tanga hii hii, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyaweka yale kwenye utenzi. Vita, aibu, hasira, vyote ndani ya mizani nane nane. Umbo linaubeba uzito ili mdomo usiubebe peke yake. Taarabu ni hivyo hivyo, na kanga pia, mtu anasema lake bila kusema ni lake.

Ukienda Bagamoyo utaona upande wa pili wa jambo hili. Lile jina lenyewe lina hadithi mbili, moja ya mpagazi aliyefika pwani akabwaga mzigo moyo ukatulia, nyingine ya mtumwa aliyeambiwa auache moyo wake hapo. Neno moja, na msimulizi anachagua kwa kumtazama mgeni wake usoni. Sisemi ni vibaya, watu wanatafuta riziki, ila wewe ukikata hadithi ya nyumbani kwenu jiulize unakata ukimtazama nani.

Binamu yangu huyo huyo mwenye haraka ndo aliyemwandikia bibi ubeti:

*Korona ikanguruma*
*hakuna wa kuizima*
*mkono ukawa nyuma*
*singa zikenda bandari*

Bibi akausikiliza, akahesabu kwa vidole, akasema "imetimia", basi. Huo akaruhusu uende kwenye grupu. Sauti yake hapana.

Hatua ya nane: ukishaamua kuposti

Kama ruhusa ya tatu imepatikana, mwenye hadithi asikie toleo la mwisho kabla ya mtu mwingine yeyote, mzima, bila wewe kumharakisha. Sema mwanzoni kabisa ndani yake mna nini ili mwenye lake apite, hiyo ndo paukwa yako. Komenti zifunge siku za mwanzo au mweke mtu mmoja wa kuzisoma, asiwe mwenye hadithi. Watakuja wa kusema uongo huo, watakuja wa kusema mbona sisi tulipata zaidi. Usijibizane. Na mwenye hadithi akikwambia toa, unatoa siku hiyo hiyo, hata kama imetazamwa na watu elfu, na unamwambia ukweli kwamba nakala zilizokwisha kutoka huwezi kuzirudisha.

Ya bibi ilibaki matoleo mawili. Moja fupi, la ukoo, halina ile sentensi. La pili zima, liko kwenye memori kadi ya kitochi chake, na nakala zangu akaniambia nizifute nikazifuta akiangalia. Kuna siku nilimkuta anachagua mchele, kitochi kiko kwenye ungo, kinasema kwa sauti yake.

Mjomba wa Pongwe alikuja Ijumaa moja baada ya swala, bila kupiga simu. Bibi alimkaribisha, akaniangalia, akanipa elfu mbili akasema nenda kanunue kashata, ile ya mbali, si ya hapa kona. Niliporudi mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikakaa kibarazani na kashata zangu mpaka adhana ya alasiri.